Tsavo mwanzo wa kiangazi: Mombasa, Voi, Galana hadi Mzima

Safari hii imejengwa upya kutoka daftari la njiani, risiti za mafuta na saa zilizohifadhiwa kwenye picha. Ilikuwa katikati ya Juni. Masika yamekwisha, kusi imeshika pwani, na huko bara nyasi zimeanza kugeuka kutoka kijani kuwa rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa. Wakazi wengi wa Mombasa husubiri Agosti au Septemba ndipo waende mbuga ya Tsavo, kwa sababu miezi hiyo vichaka vimepukutika na wanyama wamejaa kwenye maji. Juni ina uzuri wake: vumbi kidogo, hewa baridi, magari machache. Ugumu wake ni kwamba vidimbwi vya mvua bado vimetapakaa porini, kwa hiyo mnyama hana haja ya kuja barabarani kunywa. Anayekwenda wakati huu hana budi kujua maji yapi yanakauka kwanza na yapi hayakauki, kisha apange njia yake kwa mfuatano huo. Njia yetu ilikuwa Mto Voi, Bwawa la Aruba, Mto Galana, na mwisho chemchemi za Mzima.

Tulikuwa watu wanne ndani ya Land Cruiser ya zamani ya dizeli.

Ijumaa: Mombasa hadi Voi, na lango saa tisa mchana

Kuondoka ni mara baada ya sala ya alfajiri, na sababu ni malori. Kutoka Changamwe kupita Miritini hadi Mariakani, kila kontena linalotoka bandarini kwenda Nairobi na Kampala linatumia barabara hiyo hiyo. Foleni ya mizani ya Mariakani ikishaanza kurefuka, kilomita chache zinaweza kula saa nzima. Ukiwa umepita Mazeras kabla jua halijachomoza, umeokoa asubuhi yako.

Chai ya kwanza ilinywewa Mariakani, na mahamri na mbaazi za kutoka nyumbani zikafunguliwa juu ya boneti. Baada ya Samburu na Taru nchi inabadilika: minazi imeisha, mibuyu inapungua, na nyika ya miiba inaanza pande zote mbili. Hapa pana mambo machache ya kusimulia mpaka Mackinnon Road, ambapo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah uko kando ya reli ya zamani. Madereva wa masafa marefu wengi husimama hapo kuomba dua, Waislamu na wasio Waislamu. Pana kivuli na maji ya kunawa, na wahudumu wake wanakaribisha msafiri bila kumuuliza atokako.

Maungu tulikaza nati moja iliyolegea ya keria ya mizigo juu ya paa. Fundi aliyeifanya hakutaka pesa. "Nendeni salama, wazee wangu, mkirudi mniletee habari za mvua huko."

Voi tulifika saa nne kasoro, umbali wa kama kilomita 155 kutoka kisiwani. Mbona mapema hivyo, na lango tuliingia saa tisa? Kwa sababu Voi ndipo kazi yote ya maandalizi inapofanyika, na kuifanya haraka ndiko kunakowaharibia watu safari.

Mafuta: jaza tangi pamoja na dumu moja la akiba, maana usitegemee kupata kituo cha mafuta ndani ya Tsavo Mashariki. Gari kama letu kwenye lami lilikuwa likienda kilomita 9 hadi 10 kwa lita. Ndani ya mbuga, kwa gia ya pili na ya tatu, lilishuka hadi kama 6. Piga hesabu kwa ile ya 6.

Tairi: kabla ya kuingia udongoni punguza upepo kwa kama sehemu moja ya tano. Tairi gumu kwenye barabara yenye matuta madogo ya kufuatana linatikisa kila nati ya gari na kupasuka upesi kwenye jiwe. Weka alama ya kiasi ulichokuwa nacho, na ujaze tena kabla ya kurudi lami, kwa sababu tairi laini likienda kasi kwenye lami linachemka.

Rejeta: hili ndilo jambo la Juni ambalo watu hulisahau. Nyasi zimekomaa, na katikati ya njia zisizopitwa sana zimefika kiunoni. Mbegu zake hupeperuka na kujaa kwenye mapezi ya rejeta, hewa haipiti, na injini inachemka bila dereva kujua sababu. Tulinunua nusu mita ya wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, tukaufunga mbele ya rejeta kwa waya. Kila kituo unaukung'uta. Nyasi hizo hizo hujishika chini ya gari karibu na bomba la moshi. Chungulia kila unaposimama, uzitoe kwa kijiti, kwa sababu zikikauka hapo zinawaka.

Malipo: malango ya KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, hayachukui pesa taslimu. Lipa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, ukiwa bado mjini, ambako mtandao ni mzuri, na uhifadhi risiti kwa picha. Viwango hubadilika, kwa hiyo angalia siku unayolipa, si bei uliyoambiwa na jirani. Mwananchi abebe kitambulisho, la sivyo anatozwa bei ya mgeni. Na chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga tangu Juni 2020. Maji yaende kwenye madumu. Lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia, zinatosha bila kubaki nyingi.

Chakula cha mchana kilikuwa kimanga karibu na soko la Voi: mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja hadi yakashikana, chakula cha Wataita, kizito cha kukaa tumboni mpaka usiku. Shilingi 100 sahani. Mama aliyepika aliposikia tunalala porini alitufungia kingine kwenye majani ya mgomba na kukataa kuongezewa chochote.

Sasa saa tisa. Tiketi inahesabiwa saa 24 tangu kuingia, na ukitoka nje unalipa upya. Anayeingia saa kumi na mbili asubuhi anapata asubuhi moja, joto la mchana ambalo wanyama wamelala, na jioni moja. Anayeingia saa tisa mchana na kulala ndani anapata jioni nzima na asubuhi nzima kwa tiketi ile ile. Muulize askari wa langoni saa yako ya kuisha, uiandike.

Askari wa Lango la Voi alitupa ushauri uliofaa kuliko ramani yoyote: "Mvua ilikuwa nzuri. Ndovu msiwatafute Aruba alfajiri, wako ndani huko kwenye vidimbwi. Watafuteni saa nne, jua likishawapa kiu."

Jioni hiyo tulifuata Mto Voi upande wa Kanderi. Mto huu ni wa msimu. Katikati ya Juni maji yameacha kutiririka, yamebaki madimbwi kwenye mikunjo yenye kivuli. Kiangazi kikikaza, ndovu huchimba mchanga wa mto kwa miguu na mkonga mpaka wapate maji, na wanyama wadogo hunywa baada yao. Kundi la kwanza la ndovu lilikuwa hapo, jekundu kabisa. Udongo wa Tsavo una chuma kingi, na ndovu hujimwagia vumbi na matope kujikinga na jua na wadudu. Baada ya masika rangi hiyo huwa nzito zaidi kwa sababu wanaoga tope bichi.

Usiku tulilala kambi ya Ndololo. Usiweke matunda ndani ya hema. Ndovu anayanusa kutoka mbali, na turubai si ukuta. Nyani na tumbili wanajua kufungua zipu. Kila kitu cha kuliwa kikae ndani ya gari, kwenye sanduku lenye kifuniko.

Jumamosi: Aruba, na somo la maji

Tulitoka saa kumi na mbili na kwenda polepole kuelekea Aruba, kama kilomita 30 mashariki ya lango. Mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 40 kwa saa, lakini anayetaka kuona aende 20. Nyasi ndefu zinamficha simba aliyelala hatua kumi kutoka barabarani. Tazama masikio ya wengine: pundamilia wote wakielekeza masikio upande mmoja, simama na uzime injini.

Asubuhi hii ilionyesha wazi jinsi mbuga inavyojigawa kwa kiu. Swala twiga, yule mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya juu, alikuwa mbali kabisa na mto, kwenye kichaka kikavu. Yeye anapata maji yake karibu yote kutoka kwenye majani. Choroa vilevile. Dikidiki wawili wawili kila baada ya mita mia. Nyati na pundamilia lazima wanywe kila siku, kwa hiyo ukiona kinyesi kibichi cha nyati, maji hayako mbali. Kuro yeye hathubutu kuachana na maji. Ukiijua orodha hii, mnyama mmoja anakuambia umbali wa dimbwi usiloliona.

Njia moja ya pembeni ilionekana kavu, rangi ya tofali. Tuliipima kwa kushuka na kuikanyaga: ukoko wa juu ulikuwa mgumu, na kisigino kilipobonyea, chini kulikuwa na tope kama uji. Huu ndio mtego wa mwanzo wa kiangazi. Jua linakausha sentimita chache za juu kwanza, na gari la tani mbili linapasua ukoko huo na kukaa juu ya tumbo lake. Alama ya kutazama ni mipasuko: udongo uliokauka mpaka chini hupasuka vipande vyenye nyufa za kuingiza kidole. Ukoko laini usio na nyufa, geuka.

Aruba ni bwawa la kuchimbwa na watu, lilijengwa 1952 kwa kuziba Mto Voi. Miaka ya ukame hukauka kabisa na kubaki uwanja wa tope lililopasuka. Safari hii lilikuwa na maji hadi karibu nusu. Saa tatu na nusu palikuwa na viboko na ndege tu. Saa nne na robo familia ya kwanza ya ndovu ilitokea, na mpaka saa sita zilikuwa zimepokezana familia sita. Askari wa langoni alisema kweli. Ndovu mzima anaweza kunywa hadi lita 200 kwa siku. Ukikaa kimya umezima injini unasikia maji yakimiminika kooni.

Inafaa kukumbuka hapa ukame wa 1970 na 1971, ambapo ndovu wapatao 6,000 walikufa Tsavo, na wengi wao walikuwa majike na ndama. Hawakufa kwa kiu. Mama mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na maji, kwa hiyo familia zilikaa karibu na mito mpaka majani yote ya karibu yakaisha, zikafa njaa pembeni ya maji. Madume, ambayo yanaweza kutembea mbali, mengi yaliokoka. Ndiyo maana vidimbwi vya Juni ni muhimu kuliko vinavyoonekana: kila wiki ambayo ndovu wanakunywa porini ni wiki moja zaidi ya malisho yaliyohifadhiwa kando ya Galana kwa ajili ya Septemba.

Saa saba, mwiba wa mgunga uliingia ubavuni mwa tairi la nyuma. Pancha ya ubavuni haizibiki kwa kuchomeka mpira. Ni kubadilisha tu. Namna ya kuifanya ndani ya mbuga: chagua mahali peupe, mbali na kichaka, hata kama itabidi uende mita mia juu ya tairi bovu. Watu wote wabaki ndani isipokuwa wawili, mmoja wa kazi na mmoja wa kutazama tu, asishike hata spana. Legeza nati kabla ya kuinua. Chini ya jeki weka ubao wa mbao mgumu, kama sentimita 30 kwa 30, kwa sababu udongo mwekundu unameza jeki. Dereva wa gari la watalii kutoka Malindi alituona, akaliegesha gari lake ubavuni mwetu likawa ukuta upande wa kichaka. "Ami, wewe badilisha, macho niachie mimi." Wageni wake walisubiri dakika ishirini bila kunung'unika. Bebeni spea mbili. Moja ikishatumika, huna tena ya kukutoa huko kwenye Galana.

Jumapili: Mudanda, Galana, kutoka Manyani

Tulilipia siku ya pili na kuelekea kaskazini. Mwamba wa Mudanda una urefu wa kama kilomita 1.6, na maji ya mvua yanayoteremka juu yake hukusanyika bwawani chini. Kuna mahali pa kuegesha na kupanda kwa miguu. Chui wanapenda nyufa zake, kwa hiyo pandeni pamoja mkiongea kwa sauti. Kutoka juu tulihesabu vidimbwi vitatu porini vilivyokuwa bado vinang'aa, na hapo ikaeleweka kwa nini bwawani chini hapakuwa na ndovu hata mmoja.

Galana ndio mto usiokauka wa Tsavo Mashariki. Unazaliwa pale Athi na Tsavo zinapokutana, unapita chini ya Uwanda wa Yatta, ule ukuta mrefu wa lava wa kama kilomita 300, na ukikaribia Malindi unaitwa Sabaki. Maji ya Baricho yanayofika Malindi, Kilifi na sehemu za Mombasa yanatoka kwenye bonde la mto huu huu. Kingo zake zina mikoma na miti ya mswaki, na hata wakati huu wa vidimbwi palikuwa na nyati na kuro wengi.

Kwenye Maporomoko ya Lugard usitarajie maji yanayoanguka kutoka juu. Ni mto mzima unaobanwa kwenye mifereji ya mwamba uliochongwa mabonde na mashimo, na sauti yake inafika kabla ya kuuona. Mwamba umelainishwa na unateleza hata ukiwa mkavu. Viatu vya soli ya mpira, si ndara. Mamba wako chini kidogo ya maporomoko, kwenye maji yaliyotulia. Usisogee ukingoni huko, na usinawe.

Mbung'o walikuwa wengi kuelekea mtoni. Wanavutwa na rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo vaeni kaki au kahawia na mpandishe vioo mahali penye kivuli kizito. Mafuta ya mbu hayawasumbui sana.

Tulitoka Lango la Manyani saa nane na nusu. Barabara ya kwenda Mtito Andei inakwenda sambamba na reli mpya, iliyoinuliwa juu ya tuta lenye mapito ya wanyama chini yake. Kwenye pito moja palikuwa na nyayo za ndovu za kwenda na kurudi. Usiendeshe sehemu hii usiku: ndovu mwekundu juu ya lami giza haonekani mpaka taa zimemfikia.

Mtito Andei ni mji wa mabasi. Chumba safi chenye chandarua shilingi 1,500, ugali na mbuzi wa kuchemsha 350. Zaidi ya hayo hakuna la kuandika.

Jumatatu: Mzima, na kurudi

Tsavo Magharibi ina tiketi yake. Nchi ni tofauti: vilima, lava nyeusi, vichaka vizito, na kuona wanyama ni kugumu zaidi mwezi huu. Aliye na siku moja tu aitumie Mzima, kama kilomita 48 kutoka Lango la Mtito Andei. Mawe ya lava ni makali. Hapa ndipo tulipoenda polepole kuliko mahali pengine popote.

Mvua inayonyesha Vilima vya Chyulu haitengenezi mito. Inazama ndani ya majivu na lava, inatembea chini ya ardhi, na kufumka Mzima, safi kabisa, kwa kiasi cha kama lita milioni 250 kwa siku. Ukisimama ukingoni unaona samaki mmoja mmoja mita kadhaa chini. Kuna chumba cha kioo kilichozamishwa kwenye dimbwi. Samaki wanakuja hadi kiooni, viboko ni bahati. Kinyesi cha viboko ndicho kinacholisha wadudu, na wadudu wanawalisha samaki. Askari hukusindikiza kwenye njia ya miguu. Fika kabla ya saa tatu, mwanga ukiwa bado wa ubavuni.

Sehemu ya maji haya inaingia bombani na kuteremka mpaka Mombasa, na imekuwa hivyo tangu miaka ya 1950. Askari aliyetusindikiza aliuliza tunaishi mtaa gani. Tulipomjibu Majengo, alisema, "Basi mmekuja kutazama kisima chenu." Kwa mtu anayenunua dumu la lita 20 kwenye mkokoteni, ni jambo kubwa kuona wingi wa maji hayo yakitoka mwambani, na kujua kwamba msitu wa Chyulu ukikatwa au kuchomwa, ndiyo yanayoguswa. Tulikaa hapo saa mbili.

Kurudi ni kwa Lango la Tsavo, karibu na daraja la reli ambapo simba wawili waliwaua wajenzi mwaka 1898. Jaza upepo wa tairi kabla ya kushika kasi. Voi saa tisa, Mariakani saa kumi na mbili jioni, na foleni ya mizani ilikuwa imeshafika mbali.

Safari nzima ilikuwa kilomita mia nane na ushei. Dizeli ndiyo iliyomeza pesa nyingi kuliko malazi na chakula kwa pamoja, kwa hiyo watu wanne katika gari moja ni nafuu kuliko wawili. Asiye na gari lililoinuka apande treni ya asubuhi ya SGR, ile reli mpya, kutoka Miritini, ile inayosimama vituo vya njiani, ashuke Voi. Hapo kuna magari ya kukodi yenye paa la kufunguka. Patana bei ya siku nzima pamoja na mafuta kabla ya kupanda, na umwambie dereva mapema kwamba unataka kuwa Aruba saa nne.